Pamba, mitumba na swali la nani anayepanga ushuru wetu

Tarehe 2 Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha na kutoa agizo ambalo wengi wetu tulilisikia redioni bila kulitilia maanani: kwamba nchi wanachama zikuze viwanda vyao vya nguo na ngozi, na kwamba uingizaji wa nguo na viatu vilivyokwisha kuvaliwa upunguzwe hatua kwa hatua hadi ukome ndani ya miaka mitatu. Mwezi Juni mwaka huohuo bajeti zilisomwa. Tanzania iliongeza maradufu ushuru wa mitumba, kutoka senti 20 za dola ya Marekani kwa kilo hadi senti 40, na Rwanda ilipiga hatua kubwa zaidi, kutoka senti 20 hadi dola mbili na nusu. Haikupita miaka miwili kabla ya mpango wote kuvunjika, nchi moja baada ya nyingine ikirudi nyuma, na Rwanda peke yake ikabaki pale ilipokuwa imesimama.

Tangu wakati huo suala hili huzungumzwa kama ugomvi wa ladha na heshima, yaani kama ni aibu au si aibu kuvaa nguo aliyoivaa mtu mwingine. Mimi naamini kiini chake kiko kwingine. Kiini chake ni haki ya nchi kupanga ushuru katika bandari zake yenyewe, na haki hiyo imegombaniwa katika pwani hii, kwa sababu ya vitambaa na pamba, tangu kabla ya wakoloni kufika. Nimezaliwa na kulelewa Maswa, katika nyumba iliyosomesha watoto kwa pamba, na sijifanyi kwamba jambo hili naliangalia kwa mbali.

Yaliyotokea baada ya Juni 2016 yanafaa kusimuliwa kwa utaratibu, maana yanaonyesha jinsi utandawazi unavyofanya kazi pale ambapo kamera hazipo. Mwezi Machi 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu na vitambaa vya kuchakatwa nchini Marekani, kinachojulikana kwa kifupi kama SMART, kilipeleka malalamiko kwa Mwakilishi wa Biashara wa nchi hiyo. Kilidai kwamba hatua za Afrika Mashariki zingehatarisha ajira zisizopungua 40,000 za Wamarekani. Chombo walichokishika kilikuwa sheria ya AGOA, iliyotiwa saini mwaka 2000, inayoziruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Wengi hapa kwetu waliijua AGOA kama zawadi. Wachache walikuwa wamesoma masharti yake, na miongoni mwake limo sharti kwamba nchi inayonufaika iwe inaendelea kuondoa vikwazo dhidi ya biashara na mitaji ya Marekani. Ushuru juu ya shati kuukuu lililotolewa sadaka huko Ohio ukahesabiwa kuwa kikwazo cha aina hiyo.

Kenya, ambayo huuza Marekani nguo za mamia ya mamilioni ya dola kila mwaka kutoka viwanda vya Athi River na kwingineko, ilijiondoa mapema katika mpango na hata jina lake halikuwekwa katika uchunguzi uliofunguliwa Juni 2017. Waliobaki, yaani Tanzania, Uganda na Rwanda, waliitwa kujieleza Washington mwezi Julai. Mwezi Februari 2018 wakuu walipokutana Kampala, lugha ilikuwa imebadilika: viwanda viendelezwe, lakini bila kuhatarisha manufaa ya AGOA. Mwishoni mwa Machi, Rais Donald Trump alitangaza kwamba Tanzania na Uganda zimechukua hatua za kurekebisha mambo na kwamba Rwanda haijachukua. Tarehe 30 Julai 2018 nguo za Rwanda zikaondolewa katika msamaha wa ushuru. Biashara yote iliyoguswa na adhabu hiyo ilikuwa na thamani ya takriban dola milioni moja na nusu kwa mwaka.

Kiasi hicho ni kidogo kwa taifa lolote, na kwa Marekani si kitu kabisa, kwa hiyo adhabu haikukusudiwa kulipia hasara. Ilikusudiwa kuonekana na majirani. Tena katika mwezi uleule wa Machi 2018 serikali hiyohiyo iliweka ushuru wa asilimia 25 juu ya chuma na asilimia 10 juu ya alumini kutoka nje, kwa hoja kwamba viwanda hivyo vinapaswa kulindwa kwa ajili ya usalama wa taifa. Sina ugomvi na hoja hiyo. Nauliza tu kwa nini iwe halali Pennsylvania na iwe kosa Kigali.

Historia ya swali hili katika pwani yetu inaanzia kwenye kitambaa. Mwezi Septemba 1833, Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alitia saini mkataba na Sayyid Said mjini Muscat, na kifungu kimoja kiliweka ushuru wa bidhaa za Wamarekani katika milki yake, Zanzibar ikiwemo, kuwa asilimia tano na si zaidi. Miaka minne baadaye Richard Waters wa Salem, Massachusetts, aliwasili Unguja kama balozi mdogo huku akiwa mfanyabiashara mkubwa, na shehena iliyompatia faida ilikuwa merikani, kile kitambaa cheupe cha pamba kisichotiwa rangi kilichofumwa katika viwanda vya New England. Merikani iliingia bara pamoja na misafara, ikawa vazi, ikawa mahari, ikawa fedha: hongo za kupita kwenye himaya za machifu zililipwa kwa mikono na doti za merikani na kaniki. Pamba ya kitambaa hicho, kwa sehemu kubwa, ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, na kitambaa chenyewe kilinunulia pembe za ndovu zilizobebwa mabegani na watu wetu. Kuna watu wanaodhani kwamba utandawazi ulikuja na simu za mkononi. Ningependa wakumbuke kwamba bibi zetu wa Unyamwezi walijifunga kitambaa cha Massachusetts kabla ya kumwona Mmarekani hata mmoja.

Kabla ya hapo watu wa huku walikuwa wakifuma wenyewe. Katika magofu ya Kilwa wataalamu wamefukua vigurudumu vya udongo vya pia za kusokotea uzi, na Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, aliandika juu ya nguo za Mogadishu zilizosafirishwa hadi Misri. Ufumaji huo haukufa kwa siku moja, lakini ulipokutana na kitambaa cha kiwandani kilichopita bandarini kwa ushuru ambao mtawala wa nchi hakuweza kuupandisha kwa hiari yake, ulififia kila mahali ambako msafara ulifika. Mkataba wa Waingereza wa mwaka 1839 nao ulishika ngazi ileile ya asilimia tano, na Mkutano wa Berlin wa mwaka 1885 ulipanua eneo la biashara huria la bonde la Kongo hadi kwenye mwambao wetu. Mtawala alibadilika, bendera ikabadilika, lakini wazo kwamba bandari hizi ni za kufunguliwa na wengine lilibaki palepale.

Kisha pamba ikaja kwa sura nyingine. Wajerumani walitaka malighafi kwa ajili ya viwanda vyao ili wasitegemee Marekani, na tangu mwaka 1902 wakalazimisha mashamba ya pamba ya pamoja katika wilaya za kusini mashariki. Watu walifanya kazi chini ya viboko, wakaacha mashamba yao ya chakula, na malipo waliyopewa yalikuwa madogo kiasi kwamba wengine waliyakataa. Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, wazee waliingia katika shamba la serikali wakang'oa miche ya pamba. Hilo ndilo lililokuwa tangazo lao la vita. Tunapowafundisha watoto habari za Maji Maji tunakaa sana kwenye maji ya Kinjikitile na tunapita haraka juu ya miche ile, ingawa walichokishika mikononi mwao wale watu wa Nandete siku hiyo ya kwanza kilikuwa bidhaa ya soko la dunia, na walikuwa wakisema kwa vitendo kwamba hawakubali kuingizwa katika soko hilo kwa masharti hayo. Waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyoletwa makusudi na jeshi la Wajerumani, wanakadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000.

Kwetu Usukumani mambo yalikwenda tofauti, na tofauti hiyo ndiyo iliyonifundisha kwamba kupinga hakumaanishi kujitenga. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakulima wa Kanda ya Ziwa walikuwa wakiuza pamba kwa wingi, na kero yao kubwa ilikuwa mizani ya wanunuzi. Hawakung'oa pamba. Walidai mizani yao wenyewe, wakaunda vyama, na kufikia mwaka 1955, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wao, vyama hivyo vikaungana katika shirikisho la Victoria lililokuja kununua pamba ya kanda nzima na kumiliki vinu vya kuchambulia. Baba yangu alikuwa akiyasimulia mambo hayo kwa fahari ambayo sikuielewa nilipokuwa mdogo. Kwake yeye, siku mkulima alipoanza kusoma mwenyewe uzito wa gunia lake ilikuwa kubwa kuliko sikukuu nyingi za kitaifa, na alikuwa na haki ya kuona hivyo.

Baada ya uhuru, na zaidi baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, hatua iliyofuata ilikuwa kufuma. Urafiki ilijengwa Ubungo kwa msaada wa China, ikafuatwa au kutanguliwa na nyinginezo ambazo majina yake bado yanatajwa katika vituo vya daladala hata pale ambapo mitambo imekwisha kung'olewa: Mwatex ya Mwanza, Mutex ya Musoma, Kiltex, Sunguratex, Polytex ya Morogoro, Tabotex. Pamba ya Shinyanga ilikuwa ikigeuka khanga bila kuvuka bahari. Sitaki kuipamba hadithi hii, kwa sababu wale waliokuwa watu wazima miaka ile hawajasahau viraka na foleni. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, kupanda kwa bei ya mafuta, na utendaji mbovu ambao hatukusukumiwa na mtu wa nje, viwanda vilikuwa vikifanya kazi kwa sehemu ndogo ya uwezo wake kwa kukosa vipuri, umeme, maji na fedha za kigeni. Hata wafadhili walikosea pamoja nasi: Benki ya Dunia iligharimia kiwanda cha viatu Morogoro, kilichokusudiwa kuuza Ulaya, nacho hakikuwahi kukaribia uwezo kiliojengewa.

Nyerere alibishana na Shirika la Fedha la Kimataifa kwa miaka kadhaa. Katika salamu zake za mwaka mpya wa 1980 kwa mabalozi aliuliza ni lini shirika hilo lilifanywa kuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Swali halikujibiwa. Serikali ya Mzee Mwinyi ilitia saini makubaliano mwaka 1986, shilingi ikashushwa thamani, milango ya biashara ikafunguliwa, na mitumba, ambayo zamani ilikuwa ikifika kidogo kidogo kupitia misheni na wasafiri, ikaanza kuingia kwa makontena. Watu walifurahi, na walikuwa na sababu. Mtu ambaye amekaa na suruali moja kwa miaka hawezi kulaumiwa kwa kushangilia duka lililojaa. Lakini kiwanda kilichokuwa kimedhoofika kilitakiwa kushindana, bila muda wa kupumua, na nguo ambayo gharama yake ya kutengenezwa ilikwisha kulipwa na mtu mwingine upande wa pili wa dunia. Hakuna hesabu ya uhasibu inayoweza kushinda nguo ya bure iliyolipiwa nauli tu.

Ningeonekana mnafiki kama ningeandika haya bila kuzungumzia watu wanaoishi kwa mitumba, kwa maana ni jirani zangu sasa na nguo ninazovaa kazini nazinunua kwao. Anayetaka kuielewa biashara hii afike soko la Karume, Ilala jijini Dar es Salaam, alfajiri, saa ambayo mabelo yanafunguliwa. Belo la kilo 45 huwa limebanwa kwa mashine hadi likawa gumu kama tofali, limefungwa kwa kamba za plastiki, na juu yake imeandikwa aina ya nguo na gredi basi. Aliyelinunua hajui kilichomo. Amelipa kwa fedha ya mkopo, mara nyingi mkopo wa kikundi, na anapokata kamba ya kwanza wateja wake wa jumla wanakuwa wamekwisha kumzunguka, kila mmoja akinyoosha mkono kuchagua zile nzuri kabla ya mwenzake. Nimemwona mama mmoja akifungua belo la blauzi na kukuta nusu yake zina madoa ya mafuta na vifungo vimekatika. Hakulia wala hakupiga kelele. Alianza kuzitenga: za kuning'inizwa, za kupelekwa kwa fundi cherehani, za kumwagwa chini na kuuzwa bei ya kutupa. Nilipomuuliza baadaye anaonaje ile habari ya kupiga marufuku, alinijibu, "Kaka yangu, wakifunga mitumba leo, kesho watanipa kazi gani? Waniambie kiwanda kiko wapi, mimi nitakwenda kushona." Sikuwa na cha kumjibu, na waliokutana Arusha nao hawakuwa nacho.

Hapo ndipo ninapoona kosa la mpango wa mwaka 2016. Uliandikwa kwa ajili ya mama huyo bila kumshirikisha. Uliagiza mlango mmoja ufungwe kabla ya mwingine kujengwa, na haukusema neno la kutosha juu ya nguo mpya za bei ya chini kutoka Asia, ambazo tangu mfumo wa kimataifa wa mgawo wa nguo ulipokwisha mwanzoni mwa mwaka 2005 zimekuwa zikimwagika katika masoko yetu kwa wingi wa kutisha. Ukiondoa mitumba na kuziacha hizo, utakuwa umemhamisha mnunuzi kutoka kwenye shati kuukuu lililo imara hadi kwenye shati jipya linalochanika kabla ya Krismasi, na mkulima wa Maswa hatapata hata senti moja. Rwanda imeonja jambo hilo: mitumba ilipopanda bei, sehemu ya nafasi yake ilijazwa na nguo mpya za kutoka nje, na mabelo yakawa yakivushwa kwa magendo kutoka upande wa Kongo. Hata hivyo naiheshimu Rwanda kwa sababu ilikuwa tayari kulipa gharama ya uamuzi wake, jambo ambalo majirani wake watatu hawakuwa tayari kulifanya.

Wanasiasa wengine wameichukua hasira hii kwa njia rahisi zaidi. Mwezi Juni 2022, alipokuwa akizindua ilani ya muungano wa Azimio la Umoja jijini Nairobi, Raila Odinga, aliyekuwa akigombea urais wa Kenya, alizungumzia mitumba kama nguo za watu waliokufa, na ndani ya saa chache wapinzani wake walikuwa wamekwisha kuyabeba maneno hayo hadi Gikomba, soko kubwa la mitumba la Nairobi, kwa watu wanaojua tofauti ya kamera, yaani nguo bora kabisa za belo, na fagia, yaani masalia yake, kuliko waziri yeyote wa viwanda. Ikabidi afafanue kwamba hakukusudia kuwanyang'anya watu riziki. Mwezi Agosti 2023 Rais Museveni alirudia picha hiyohiyo ya nguo za wafu alipokuwa Mbale, akitangaza kwamba mitumba imepigwa marufuku, na wafanyabiashara wa Kampala wakapaza sauti. Picha hiyo si ngeni. Hata kwetu watu wazima wanakumbuka mitumba ikiitwa kafa Ulaya. Lakini inanikera inapotoka kinywani mwa mtawala, kwa sababu inamdhalilisha mvaaji na kumwacha salama aliyetunga masharti ya biashara. Mtu anayenunua koti la mtoto kwa shilingi elfu mbili hajakosa uzalendo.

Wale wanaosema kwamba tungepoteza AGOA kwa ukaidi wanapaswa kuitazama Lesotho. Nchi ile ndogo iliitii sheria hiyo kuliko karibu nchi yoyote, ikajenga maisha ya maelfu ya familia, wengi wao wanawake, juu ya kushona jinzi na fulana kwa ajili ya maduka ya Marekani. Haikupiga marufuku kitu. Mwezi Machi 2025 Rais Trump aliliambia Bunge lake kwamba ni nchi ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, na tarehe 2 Aprili aliitangazia ushuru wa asilimia 50, uliokuja kupunguzwa hadi asilimia 15 mwezi Agosti, wakati oda zilikuwa zimekwisha kufutwa na serikali ya Maseru imetangaza hali ya maafa kwa sababu ya ukosefu wa ajira. Septemba mwaka huohuo kipindi cha miaka kumi ambacho AGOA iliongezewa mwaka 2015 kikafika mwisho. Utiifu wa Lesotho haukuilinda.

Tena viwanda vile vya AGOA, vya Maseru na vya Athi River, kwa sehemu kubwa vinashona kitambaa kinachotoka Asia. Sheria yenyewe iliruhusu nchi maskini kutumia kitambaa cha nchi ya tatu, na bila ruhusa hiyo vingi visingekuwepo. Mshahara wa fundi ni wa kweli na siudharau. Ila pamba nyuzi yetu, ambayo sehemu kubwa yake bado inaondoka bandarini Dar es Salaam katika marobota, haikutani na cherehani hizo. Inakwenda kufumwa mbali, kwa bei inayopangwa mbali, na bei hiyo ina historia yake. Mwaka 2003 Benin, Burkina Faso, Chad na Mali zilipeleka Shirika la Biashara Duniani hoja kwamba ruzuku wanazopewa wakulima wa pamba wa Marekani na Ulaya zinashusha bei duniani na kuwaumiza wakulima wao. Mkutano wa Cancún wa Septemba mwaka ule ulivunjika, na pamba ilikuwa moja ya sababu. Brazil ilipofungua kesi na kushinda, jambo lilimalizwa mwaka 2014 kwa Marekani kuilipa Brazil dola milioni 300. Brazil ililipwa kwa kuwa ilikuwa na nguvu ya kulipiza kisasi kwa ushuru wake. Mali haikulipwa, na sisi hatukuwa hata miongoni mwa waliofungua mdomo.

Mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani msimu wa mavuno nilikaa na kaka yangu kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, akisubiri kupimiwa. Alikuwa amevaa fulana ya mitumba yenye jina la timu ya shule ya sekondari ya Marekani. Karani alisoma uzito, akaandika bei ya kilo, akakata deni la mbegu na viuadudu, akampa karatasi. Mizani ni ya ushirika, kama walivyodai wazee wa mwaka 1955, na kaka aliisoma mwenyewe kwa makini, akasogea karibu hadi mshale ulipotulia. Uzito ulikuwa sahihi. Bei ndiyo ambayo hakuna mtu katika ghala lile, wala katika wilaya ile, aliyekuwa na neno la kusema juu yake.

Tangu Julai 2022 Jumuiya ina kiwango kipya cha juu cha ushuru wa pamoja, asilimia 35, kinachogusa bidhaa kadhaa zinazoweza kutengenezwa kwetu, nguo zikiwemo. Kilipita bila kishindo na bila kuitwa Washington, na hilo linanionyesha kwamba njia ipo. Tatizo lake linafahamika kwa kila anayefuatilia bajeti: kila Juni nchi wanachama huomba kuruhusiwa kutotumia kiwango hicho kwa bidhaa hii au ile, hadi ushuru wa pamoja unabaki wa pamoja kwa jina. Katika bajeti ijayo ningependa waziri wetu wa fedha, pamoja na wenzake wa Nairobi na Kampala, wasome orodha moja ya vitambaa ambayo haitaombewa msamaha kwa miaka kumi. Ningependa sare za shule, za jeshi na za hospitali katika nchi zote nane za Jumuiya ziagizwe kwa sharti la kufumwa kwa pamba ya ndani, ili kiwanda kiwe na mnunuzi wa uhakika kabla mtu yeyote hajafungiwa belo lake. Na ningependa, kabla ya mkataba mwingine wowote wa biashara kutiwa saini, masharti yake yatafsiriwe kwa Kiswahili na kusomwa Maswa na Karume kwa watu watakaoyalipia, na majibu yao yaandikwe.